Mvua ya Shangazi

Mimi kutulia sijui. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kutembea kabla sijajifunza kukaa, na kazi niliyoichagua haikunisaidia, kwa sababu mtu anayelipwa kuwazia mafuriko hana msimu wa kupumzika. Mvua ikinyesha anahofia itazidi, isiponyesha anahofia inajikusanya. Ofisi yetu iko Nyamagana, ghorofani, na dirisha langu linatazama ziwa. Niliambiwa mara nyingi nigeuze meza nitazame ukutani ili nifanye kazi kama watu wengine, nikakataa. Nilitaka kuliona wingu likija kabla halijafika, ingawa kuliona hakukunipa chochote cha kufanya.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mji wa Mwanza umekaa juu ya mawe. Mvua ikipiga kilimani haina pa kuzama. Inateremka juu ya miamba, inaingia kwenye mitaro iliyopita katikati ya nyumba, na mtu aliyeko bondeni hapati hata muda wa kuanua nguo. Anayejenga daraja au kalavati anapaswa kujua mvua kubwa kabisa ya mahali pale inaweza kuleta maji kiasi gani. Simaanishi mvua ya kila mwaka, namaanisha ile ambayo huenda mtu akaiona mara moja tu maishani. Na sisi, kwa mji mzima, tulikuwa tunakisia kutokana na vipimo vya kituo kimoja kilichoko mbali na vilima hivyo, wakati kila mkazi anajua kuwa mvua ya huku ina upendeleo. Igogo watu wanakimbia na ndoo, na saa hiyohiyo kwangu Kiseke majirani wanamwagilia mchicha.

Tulichotaka kutengeneza, mimi na mwenzangu wa ofisini, ni programu ya kompyuta itakayounganisha picha za mawingu kutoka kwenye setilaiti, mteremko wa kila kilima, na vipimo vya mvua kutoka kwenye nyumba za watu, kisha ichore ramani: mvua ya namna hii ikinyesha hapa, maji yatafika pale. Wafadhili hawavutiwi sana na kitu kama hicho. Wanapenda daraja, kisima, boti ya uokoaji, kitu ambacho mgeni rasmi anaweza kusimama mbele yake na mkasi. Hesabu haina utepe wa kukata. Tulikuwa tumeandika maombi mpaka tukachoka, na majibu yote yalianza kwa kutushukuru.

Mwenzangu huyo ni Msukuma wa Magu, mtu mtulivu mpaka ananiudhi. Anaweza kungoja jibu la wafadhili huku akimenya chungwa taratibu, ganda likatoka zima. Mimi nilikuwa nafungua barua pepe, naifunga, nakwenda dirishani, narudi kuifungua tena. Aliniambia siku moja kwamba nikifa nitakufa nimesimama.

Ili tusiende kwa wafadhili mikono mitupu, tulinunua vipima mvua vya plastiki, vile vya kawaida kabisa, kikombe kirefu chenye mistari, tukavigawa kwa watu tuliowaamini katika vilima mbalimbali. Kazi yao ilikuwa kila asubuhi kupiga picha ya maji yalipofika, kututumia kwa simu, kisha kuyamwaga. Kimoja nilikipeleka Igogo kwa shangazi yangu, dada yake baba.

Shangazi alikuja Mwanza kutoka Bukoba baada ya kufiwa na mumewe, akaanza kuuza ndizi zilizokuwa zikishuka na meli. Nyumba yake aliijenga chumba kwa chumba, pembeni ya mtaro, chini ya miamba, kwa kuwa hicho ndicho kiwanja kilichokuwa kimebaki. Hana mali nyingine. Nilipompelekea kile kipima mvua alikipokea kwa mikono miwili, akakiita kikombe cha mwanangu, akawa anakifuta kila jioni kwa kitambaa safi. Tulisimika kijiti cha kukishikilia katikati ya uwanja.

"Shangazi, kisisogee karibu na paa wala mti," nilimwambia.

"Nimesikia, waitu," akasema, kwa neno letu la Kihaya la upendo, akiwa tayari ameanza kuniwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani.

Wiki nyingi picha zake zilikuwa za maji kidogo chini ya kikombe, au kikombe kikavu. Halafu masika yakakolea, na asubuhi moja ikaja picha ya kikombe kimejaa mpaka mstari wa mwisho. Nilisimama. Nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikarudi kuitazama tena. Kipima mvua cha kilima cha pili, ambako ukiita kwa nguvu mtu wa Igogo anakusikia, kilikuwa kimelowa tu. Haya ndiyo tuliyokuwa tukiyaeleza kwa wafadhili miaka yote bila ushahidi: kwamba kilima kimoja kinaweza kupigwa mvua ya kutisha na cha jirani kikapona. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Nilifurahi kwamba mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu ya nyumba ya shangazi yangu.

Nilimpigia. Akasema mvua ilikuwa kubwa kweli, uwanja umejaa tope, lakini ndani ni kukavu. "Umeona kilivyojaa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya vizuri kwenye mtihani.

Mwenzangu aliitazama picha kwa muda mrefu. "Wahaya bwana," akasema. "Hata mvua yenu lazima iwe kubwa kuliko ya watu wengine."

Tuliiweka namba ile ukurasa wa kwanza wa maombi. Majuma machache baadaye tukaitwa kwenye kikao cha mtandaoni na mama mmoja wa shirika la ufadhili la nje, mwenye miwani na sauti ya upole. Kurasa nyingine alizipitia haraka. Pale kwenye mvua ya Igogo akasimama. Akauliza kama kweli mahali panaweza kupata maji kiasi kile na mji ukawa hauna chombo cha kuyakadiria. Tukamwambia ndivyo ilivyo. Akasema atalipeleka suala letu kwa wenzake, na anafikiri watalikubali. Aliomba kitu kimoja tu: picha ya mahali penyewe, pamoja na mtu aliyepima.

Nilikwenda Igogo kesho yake. Nilimkuta shangazi amevaa gauni la kitenge la kanisani na kilemba chake, maana nilikuwa nimemtaarifu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nikae wapi?"

Nilimwambia asimame pale uwanjani, kando ya kipima mvua. Akanitazama kidogo, akakichomoa kikombe kwenye kijiti chake na kuanza kutembea nacho kuelekea nyumbani.

"Unakipeleka wapi?"

"Pale kilipojaa. Si wanataka kuona ile mvua?"

Akakiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, chini ya ukingo wa paa, katikati ya pipa na sufuria zake za kukingia maji. Akajiweka sawa, akatabasamu, akaningoja nipige picha. Niliishusha simu.

Nilimwuliza taratibu ilikuwaje. Akanieleza bila kuficha chochote, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Siku ile wingu lilipokuja, alisema, aliwaza kwamba mwanaye anahangaika na mvua tangu aanze hiyo kazi na kila siku anatumiwa vitone. Kikombe kimesimama peke yake uwanjani, maji yote yanakipita. Akakileta pale maji yanapoanguka vizuri, kama anavyokinga ndoo zake.

"Lakini shangazi, nilikwambia kisisogee karibu na paa."

"Kwa ajili ya kutu. Najua. Nilisubiri kwanza mvua ioshe bati, maji yakaanza kuwa meupe, ndipo nikakiweka."

Hakuna mtu aliyelelewa kwetu anayeacha chombo katikati ya uwanja mvua ikinyesha. Nilipokuwa mdogo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa natumwa kupanga vyombo chini ya paa, pipa kwanza, ndoo, kisha sufuria, na niliwahi kukemewa kwa kukinga kabla bati halijaoshwa. Nilimpa masharti nikasahau kumpa sababu, naye akaitafuta sababu katika maisha yake akaipata. Kikombe kilikuwa kimebeba mvua ya paa zima. Nilicheka, naye akacheka kwa sababu nilicheka, halafu nikampiga picha palepale chini ya paa. Sikuweza kumwambia asogee.

Kurudi mjini niliziacha bodaboda zote, nikatembea. Nilikuwa nataka kuchoka, labda kichwa kingenyamaza. Hakikunyamaza.

Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chungwa lake mezani. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na shangazi."

"Shangazi hajui kama anajua," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona naye hana raha. Alifungua kompyuta yake, akaiingiza namba ile kwenye toleo la majaribio la programu yetu, ile tuliyokuwa tumeiunga kwa vipande. Rangi ya bluu ikatanda kutoka kwenye mtaro, ikafunika nyumba ya shangazi, ikapanda mpaka safu ya nyuma na nyumba za juu yake. Watu wa mji huu wanajua kinachoweza kufuata baada ya ramani ya namna ile: anakuja mtu na rangi nyekundu, anachora X ukutani, na wewe unaanza kutafuta pa kuhamia.

Niliandika barua kwa yule mama wa miwani palepale, kabla sijapata muda wa kujishauri vibaya. Nilimweleza yote, hata habari ya kuosha bati. Mwenzangu aliisoma, akarekebisha sentensi moja, nikaituma. Nilijiambia ni uaminifu, na ulikuwa uaminifu, lakini sehemu kubwa ya haraka ile ilikuwa kuiondoa nyumba ya shangazi kwenye rangi ya bluu.

Kimya kilichofuata kilinikondesha. Nilifungua barua pepe mpaka msalani. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Alisema wenzake wamesoma habari ya paa na wengine wamecheka, lakini mmoja amesema kwamba mji unaotegemea kikombe cha shangazi unahitaji msaada kuliko walivyodhani. Watatoa fedha za kuanzia, pungufu ya tulizoomba, za kununua vipima mvua vinavyojituma vyenyewe, vya kufungwa kwa nati kwenye nguzo, na za kuikamilisha programu. Sharti lao lilikuwa ramani ya mwisho ikabidhiwe halmashauri. Mwenzangu alipeana mkono na mimi rasmi, kama tuko harusini, akaenda kununua machungwa.

Tulifanya kazi kiangazi chote. Tulipanda vilima, tukapima mitaro kwa kamba na fimbo, tukafunga vipima mvua vipya, tukachukua picha za mawingu za miaka mingi na kuzilinganisha na mawe yetu. Programu ikaanza kutoa majibu tunayoweza kuyatetea. Tuliijaribu kwenye nyumba za wazee waliotuonyesha alama za mafuriko ya zamani kutani, na majibu yakawa karibu na alama zao. Nilianza hata kumaliza chai yangu.

Siku tuliyoiendesha programu kwa Igogo tulikuwa wawili tu ofisini, mchana, joto kali. Programu haitoi mstari mmoja. Inatoa mitatu, kwa kuwa mvua ile ya mara moja maishani hakuna aliyeipima na sisi tunakadiria: wa chini, wa kati na wa juu. Katika mstari wa chini nyumba ya shangazi iko nje. Katika wa kati maji yanaingia mlango wa nyuma na kufika magotini. Katika wa juu yanafika dirishani, na yanafika haraka. Safu ya nyuma na nyumba za juu zilikuwa zimepona zote. Yake haikupona.

"Hii ni bila kile kikombe," nilisema.

"Bila kile kikombe," mwenzangu akasema. Hakutania.

Nilirudia hesabu yote tangu mwanzo, nikitafuta kosa kwa hamu ambayo mtu hatakiwi kuwa nayo. Halikuwepo. Ramani ilikuwa bado haijaenda halmashauri, na hakuna aliyejua wataamua nini au lini. Lakini vuli ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nimeshaona.

Njia nzima ya kwenda Igogo nilijiandaa kubishana. Niliwaza atasema nyumba ile ameijenga kwa mgongo wake, maji hayajawahi kuingia, na mvua anaipanga Mungu. Kwa kila neno nilikuwa na jibu. Nilimkuta anapanga mikungu ya ndizi barazani, nikamsalimu, nikakaa, nikamweleza polepole habari ya mistari mitatu. Nilimwambia kwamba inawezekana mvua hiyo isije akiwa hai. Nilimwambia pia kwamba inawezekana ikaja mwezi ujao. Alisikiliza akiwa ameshika kisu.

"Wewe ungelala humu?" akauliza.

"Nisingelala, shangazi. Vuli ikianza nisingelala."

Akafuta kisu kwenye gome la mgomba. "Haya. Nipe mpaka Jumamosi niwaage watu wa jumuiya."

Ilikuwa basi. Majibu yangu yote yalinibakia mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuaminiwa.

Amehamia kwangu Kiseke. Kitanda chake na pipa vimebaki kule, mlango una kufuli, na ndizi zake anauza mtu mwingine, maana huku hana wateja na gati liko mbali. Hajawahi kulalamika, na hilo linanitesa. Anaamka mapema, anafagia uwanja ambao nimeshaufagia, anazunguka nyumba, anasimama getini. Sasa tuko wawili tusiojua kutulia.

Vuli imeanza kwa upole. Inanyesha, inakatika, inanyesha tena. Kila ikipita, jirani yake wa Igogo anapiga simu: nyumba yako kavu kabisa, mama, unangoja nini huko, rudi. Shangazi anamshukuru, anakata simu, ananitazama, kisha anaendelea na alichokuwa anafanya. Kama maji hayataingia, nimemtoa mjane kwenye nyumba yake kwa ajili ya rangi kwenye kompyuta. Kama yataingia, nitakuwa nimesema kweli, na yeye hatakuwa na nyumba. Halmashauri wameipokea ramani na kutushukuru.

Leo asubuhi aliletewa senene kutoka Bukoba, tukakaa barazani na ungo katikati yetu, tukiwanyonyoa mbawa na miguu. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa tangu alfajiri, jeusi, zito kuliko yote ya msimu huu. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Simu yangu ilikuwa pembeni, nami nilikuwa naigusa kila mara kutazama kipima mvua kipya cha Igogo, kile cha kwenye nguzo.

"Huko imeanza?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Imeanza."

"Kubwa?"

Nilitazama namba zikipanda. "Inaongezeka."

Akanyonyoa senene wengine kadhaa, akawaweka kwenye bakuli. Vidole vyake havikubadili mwendo.

"Mimi namwomba Mungu isiingie," akasema. Kisha akaniinulia macho, si kwa hasira. "Na wewe unaomba nini?"

"Naomba isiingie, shangazi."

Ilikuwa kweli, karibu yote.